Jaa la Ntusi

Enzi za Waviking, watu wa Norwe walichonga vibao kwa mfupa wa nyangumi. Sisi wa bara tuna mifupa ya Ntusi, wilayani Sembabule, si mbali sana na Mbarara. Kuanzia karne ya 11 hivi wakazi wake walitupa taka hadi zikawa vilima viwili, kimoja huitwa dume, kingine jike. Wachimbaji walikuta humo mifupa mingi ya ng'ombe, hasa wachanga, na shanga za pembe za ndovu. Masimulizi ya Bachwezi husifu ng'ombe. Mawe ya kusagia nafaka hayatajwi sana, nayo yamo Ntusi. Huku Kaberebere, mkulima na mfugaji wakigombania ardhi, kila mmoja hudai babu zake walitangulia. Ntusi taka zao zimechanganyika.