Chumba cha uokozi ndani ya kompyuta: kinaokoa nini?

Umeme ukikatika wakati Windows inaandika faili zake, mashini inaweza kukataa kuwaka. Kwa mukaaji wa eneo la afya la Mabalako, toka Mangina mpaka Beni ni karibu kilometa 30, na kupakua Windows nzima ni zaidi ya jigabaiti 4 za intaneti.

Lakini diski iko na sehemu ndogo iliyofichwa, kama chumba cha uokozi. Vyombo vyake viko ndani ya faili moja, winre.wim. Fundi anaweza kuongeza vingine, kwa mufano dereva ya diski ao programu ya kunakili mafaili:

1. Nakili kwanza mafaili yako yote pembeni.
2. Kama msimamizi, andika reagentc /disable. Winre.wim inarudi katika Windows\System32\Recovery.
3. Ifungue na DISM, tia vyombo, hifadhi, funga. Visizidi nafasi ya chumba.
4. Andika reagentc /enable.

Diski ikikufa, chumba nacho kinakufa. Kwa hiyo tengeneza pia fleshi ya uokozi, ya jigabaiti 16, mashini ingali nzima.