Homa ya papasi: ugonjwa uliofichuliwa na hadubini

Mwaka 1905, daktari Mjerumani Robert Koch alikuwa katika koloni la Wajerumani la Afrika Mashariki akiichunguza homa iliyowasumbua wasafiri wa misafara. Aliwakusanya papasi kwenye vibanda walimolala wapagazi, akawapasua na kuwatazama kwa hadubini. Ndani yao, hata kwenye mayai yao, alikuta bakteria wembamba waliojisokota. Kumbe papasi huweza kuzaliwa na ugonjwa kabla hajaonja damu ya mtu.

Mwaka huohuo huko Kongo, Joseph Dutton na John Todd walikuwa wakifuatilia homa hiyohiyo. Dutton aliipata, akafariki Februari. Bakteria wa homa hiyo leo anaitwa Borrelia duttonii.

Njia kuu ya misafara kutoka Bagamoyo hadi Ujiji ilipita Mpwapwa na Ugogo, nchi ya Wagogo. Misafara ilikoma, lakini papasi walibaki Ugogo. Hujificha kwenye nyufa za sakafu na kuta za udongo za nyumba za tembe. Hawana macho. Hutoka usiku, hunyonya haraka na kurudi ufani, na wanaweza kukaa miaka bila kula.

Aliyetangulia kuwaona bakteria wa homa ya kurudiarudia, jamii ya homa hii ya papasi, ni Otto Obermeier wa Berlin, mwaka 1868. Aliwaona wakiwa hai, katika damu mbichi. Baadaye ikatumika hadubini ya uwanja wa giza, inayomulika damu kutoka pembeni. Kwa mwanga huo bakteria hung'aa kwenye weusi, mfano wa uzi uliofumuliwa kutoka kwenye sweta, wakijizungusha na kuzisukuma chembe nyekundu zilizo njiani.

Huonekana vizuri homa ikiwa juu. Ikishuka huwa wachache mno, na mgonjwa hudhani amepona. Kumbe waliosalia wamebadili gamba lao la nje ili kinga ya mwili isiwatambue, na baada ya siku kadhaa homa hurudi. Wanaoumia zaidi ni wajawazito na watoto wadogo.

Utafiti haujaisha. Mwaka 2003, watafiti wa Tanzania, Uingereza na Japani walitangaza kwamba huko Mvumi, Dodoma, vipimo vya vinasaba vimeonyesha aina ya Borrelia ambayo haikuwahi kujulikana.

Historia hii ya hadubini ina funzo kwa zahanati zetu, ambako homa ya papasi huweza kudhaniwa malaria. Kipimo cha haraka cha malaria kimeokoa wengi, lakini hujibu swali moja tu: malaria ipo au haipo? Slaidi ya damu iliyopakwa rangi ya Giemsa humwonyesha mtaalamu wa maabara hata kile ambacho hakukitafuta. Mtoto anayerudishwa na homa ileile huku kipimo kikisema hana malaria anastahili kuchukuliwa slaidi wakati mwili ungali wa moto, kwa sababu homa ya papasi hutibika kwa antibiotiki za kawaida. Basi kipimo cha haraka kisiwe sababu ya kuifungia hadubini kabatini, wala ya kumwacha mtaalamu wake asahau kuisoma damu.