Dakika 40 Juu ya Mau

Kutoka Wilson, Nairobi, hadi Kerenga, uwanja mdogo wa ndege ulio katikati ya mashamba ya chai ya Kericho, ndege hukata takriban kilomita 200. Ukipita barabara ya Nakuru ni kama kilomita 260, nusu siku nzima malori yakijipanga mlimani. Cessna yenye injini moja huifupisha safari hiyo hadi dakika 40 hivi, hewa ikiwa shwari. Lakini hewa ya huku hubadilika kwa saa.

Mwaka 1929, Florence Kerr Wilson alipoanzisha Wilson Airways jijini Nairobi kwa ndege ndogo ya Gipsy Moth, umbali kama huo ungemaliza saa moja na nusu. Brooke Bond na James Finlay walikuwa wameshaanza kupanda chai kwa wingi kwenye ardhi ya Wakipsigis. Februari 1931 Imperial Airways ikafungua njia ya London hadi Mwanza, ikipitia Kisumu, ambako ndege zake zilitua juu ya maji ya Ziwa Victoria. Kisumu kwa ndege si mbali na Kericho, kilomita 65 hivi.

Ziwa hilo hilo ndilo linalowapa marubani kazi. Asubuhi Kericho huwa wazi, unaona mashamba hadi upande wa Bomet. Jua likishapanda, upepo wenye unyevu hutoka ziwani, hupandishwa na miinuko, na kufikia alasiri mawingu meusi yamesimama wima juu ya milima ya Mau. Kericho na Nandi ni miongoni mwa sehemu zinazopigwa na mvua ya mawe mara nyingi zaidi duniani. Kwa mkulima, dakika chache zinatosha kuyararua majani yote aliyoyangojea.

Ndiyo maana miaka ya 1960 wenye mashamba walijaribu kupambana na mawingu yenyewe. Kwanza walirusha roketi za baruti. Kisha, kuanzia 1967, kampuni ya Kimarekani ikaleta ndege zilizonyunyiza iodidi ya fedha kwenye mawingu, ili mawe yasipate kukua. Nawastaajabia sana marubani wale: walikwenda kwa makusudi palepale ambapo kila rubani mwingine anapakwepa.

Wanaoruka kutoka Nairobi wana kikwazo kingine, nacho hakihami. Kericho iko zaidi ya mita 2,000 juu ya usawa wa bahari, na kabla ya kuifikia lazima uvuke Bonde la Ufa, kisha Mau, ambayo sehemu zake za juu hufika mita 3,000. Wingu likilala juu ya miti, ndege ndogo haina nafasi kubwa ya kupita.

Juni 10, 2008, Cessna 210 iliondoka Wilson kuelekea Kericho, siku moja kabla ya uchaguzi mdogo wa eneo bunge la Ainamoi. Ilikuwa imewabeba Waziri wa Barabara Kipkalya Kones, mbunge wa Bomet, na Lorna Laboso, waziri msaidizi na mbunge wa Sotik. Ilianguka Enoosupukia, Narok, kwenye miinuko ya Mau, na wote wanne waliokuwamo wakafa. Bomet na Sotik zilipoteza wabunge wao kwa pigo moja. Septemba mwaka huo wapiga kura walirudi vituoni: Bomet ikamchagua Beatrice Kones, mjane wa waziri, na Sotik ikamchagua Joyce Laboso, dada yake Lorna.