Ugali Upo, Pembeni Kuna Nini? Kumzoesha Mtoto Kula Vizuri Kila Siku

Mtoto wako ana mwaka na nusu. Anakula ugali kila siku na anashiba. Lakini kila anapopimwa kliniki, mhudumu anakuambia kwamba urefu wake hauendani na umri. Mama au mlezi, jambo hili linawapata wengi hapa Mbulu na Hanang, na si kwa sababu hawawapendi watoto wao. Kushiba ni jambo moja, kulishwa vizuri ni jingine.

Tumejifunza nini Haydom?

Kuanzia mwaka 2009, watafiti waliwafuatilia watoto wa Haydom na vijiji vya jirani tangu kuzaliwa hadi walipotimiza miaka miwili. Walipofika umri huo, zaidi ya nusu walikuwa wamedumaa. Chakula chao kikuu kilikuwa mahindi.

Utafiti mwingine ulioanza 2017 ulihusisha watoto zaidi ya 1,100 wa eneo hilohilo. Baadhi walipewa dawa za kuua vijidudu vya tumboni, au aina ya vitamini; wengine walipewa kitu kisicho na dawa ili kulinganisha. Katika umri wa miezi 18, waliopewa dawa hawakuwa warefu kuliko wenzao. Kwa hiyo usipoteze fedha kutafuta dawa ya kumrefusha mtoto. Ukuaji wake unahitaji mambo ya kila siku: chakula mchanganyiko, maji safi, mikono iliyonawiwa kwa sabuni, na matibabu ya mapema anapougua.

Hesabu makundi, si vijiko peke yake

Mtoto wa miezi 6 hadi 23 anatakiwa kula angalau makundi matano kati ya haya manane kila siku:

1. Maziwa ya mama
2. Nafaka, viazi, ndizi za kupika
3. Maharage, mbaazi, karanga zilizosagwa
4. Maziwa ya ng'ombe au mbuzi, mtindi
5. Nyama, maini, kuku, samaki, dagaa
6. Mayai
7. Mboga za kijani, maboga, karoti, papai, embe
8. Mboga na matunda mengine

Tuhesabu pamoja. Mtoto amenyonya. Asubuhi amekunywa uji wenye maziwa yaliyochemshwa. Mchana amekula ugali na maharage yaliyopondwa, pamoja na majani ya maboga. Hayo ni makundi matano, na huenda yote yametoka shambani na zizini kwako. Ukimwongezea yai au dagaa waliosagwa, ni bora zaidi.

Wengi wetu tunapeleka mayai na maziwa mnadani ili tupate fedha ya sabuni na ada. Hatusemi usiuze. Tunasema mtoto apate sehemu yake kwanza, kisha uza kinachobaki.

Uji uwe mzito, usimwagike haraka kutoka kwenye kijiko. Uji mwepesi hujaza tumbo kwa maji. Kijiko kidogo cha mafuta ya alizeti huongeza nguvu. Usimpe chai, kwani hupunguza madini ya chuma ambayo mwili unapata kutoka kwenye chakula.

Sahani yake, na mtu wa kukaa naye

Mtoto mdogo akila sinia moja na kaka zake, wakubwa humaliza kabla yake, nawe huwezi kujua amekula kiasi gani. Mpe sahani yake.

- Miezi 6 hadi 8: milo 2 hadi 3 kwa siku. Anza na vijiko 2 au 3 vikubwa, ongeza taratibu hadi nusu kikombe.
- Miezi 9 hadi 11: milo 3 hadi 4, nusu kikombe kila mlo.
- Miezi 12 hadi 23: milo 3 hadi 4, robo tatu ya kikombe hadi kikombe kizima.

Kaa mbele yake, mtazame, zungumza naye. Zima redio, weka simu pembeni. Akifungua mdomo au kunyoosha mkono, bado ana njaa. Akigeuza uso, mpumzishe, kisha mjaribu tena. Usimkamate kwa nguvu wala kumziba pua, atakichukia chakula. Akikataa mboga leo, mpe tena kesho na keshokutwa. Kama unakwenda shambani, mwonyeshe bibi au dada anayebaki naye jinsi ya kufanya hivyo.

Chagua mahindi vizuri

Mwaka 2016 watu walifariki katika mikoa ya Dodoma na Manyara kutokana na sumukuvu kwenye mahindi. Kupika hakuiondoi sumu hii. Anika mahindi juu ya turubai, yakauke kabisa, na usisage yaliyoota ukungu.

Na wewe mama?

Ukiwa mjamzito au unanyonyesha, usisubiri makombo. Ongeza mlo mmoja kwa siku na ukae ule bila haraka. Watoto huiga wanachokiona.

Nenda kituo cha afya mapema ikiwa

- mtoto anakataa kula au kunyonya;
- uzito haupandi au unashuka;
- miguu yote miwili imevimba;
- utepe wa kupimia mkono unaonyesha njano au nyekundu;
- anaharisha au kutapika. Endelea kumnyonyesha na kumlisha kidogo kidogo mara nyingi.

Leo jioni, kabla ya kupakua, hesabu makundi aliyokula tangu asubuhi. Likipungua moja, anza na hilo kesho.