Namba Zilizorudi Baada ya Siku Nne

Tarehe 6 Septemba 2009, bahati nasibu ya taifa ya Bulgaria ilitoa namba sita: 4, 15, 23, 24, 35 na 42. Hakuna aliyezipatia zote. Siku nne baadaye mashine ikazungushwa tena, watu wakitazama kwenye televisheni, zikatoka zilezile sita. Kilichobadilika ni mpangilio tu. Safari hii washindi walikuwa 18.

Nilikuwa chuoni wakati huo. Habari ilipotufikia hosteli tulitoa hukumu kabla chai haijapoa: wamechakachua. Waziri wa michezo wa Bulgaria naye aliamuru uchunguzi, na uchunguzi haukukuta udanganyifu. Tukazidi kucheka. Kwani tume gani imewahi kukuta kitu?

Leo, baada ya miaka kadhaa ya kuandika habari, kile kicheko kinanisumbua kuliko zile namba.

Namba zenyewe zina maelezo. Wakusanye watu 23 chumbani: uwezekano wa wawili kati yao kuchangia siku ya kuzaliwa unazidi nusu. Tunashangaa kwa sababu kila mtu anafikiria siku yake peke yake, anasahau kuwa watu 23 wanatengeneza jozi 253. Droo nazo ni hivyohivyo. Hata mchezo ukiwa na mamilioni ya michanganyiko, droo elfu chache zinatosha kuvusha nusu uwezekano wa seti moja kujirudia. Kurudi kwa droo mbili zinazofuatana ni nadra zaidi, sikatai. Ila dunia ina bahati nasibu nyingi, na zinachezeshwa wiki baada ya wiki, miaka nenda rudi. Huko North Carolina, mchezo wa Cash 5 ulitoa namba zilezile tano tarehe 9 na tarehe 11 Julai 2007. Israel, seti ya Septemba 2010 ilirudi Oktoba.

Na wale 18? Wananuka wizi, mpaka ukumbuke kuwa wapo watu wanaochezea namba zilizotoka juzi. Hata mtaani kwetu wapo.

Wizi wa kweli ulifanyika Pennsylvania, Marekani, tarehe 24 Aprili 1980. Siku hiyo ilitoka 666. Mtangazaji wa droo, Nick Perry, alikuwa na wenzake waliodunga rangi kwa sindano ndani ya mipira yote isipokuwa ya 4 na 6. Mipira iliyodungwa ikawa mizito, upepo wa mashine ukashindwa kuinyanyua. Ikabaki michanganyiko minane tu, na jamaa wakainunulia tiketi kwa wingi. Ukisikia 666 utadhani ile namba ya shetani ndiyo iliyowaumbua. Wapi! Waliumbuliwa na tiketi: pesa nyingi mno zilikuwa zimewekwa kwenye michanganyiko ileile minane. Mtu alifuatilia nani kanunua nini, wapi, na Perry akaishia gerezani.

Yaani kulikuwa na wa kuuliza, na jibu lake likaaminiwa.

Halafu kuna Zimbabwe, Januari 2000. Zimbank, benki ambayo serikali ilikuwa na hisa ndani yake, ilichezesha droo kwa wateja waliokuwa na dola 5,000 za Zimbabwe au zaidi kwenye akaunti. Zawadi ilikuwa dola 100,000. Mshereheshaji akachomoa tiketi, akatazama jina: R. G. Mugabe. Rais wa nchi. Mwanahesabu atakuambia kwamba droo ikiwa safi, jina hilo linaweza kutoka kama la mteja mwingine yeyote, na ni kweli kabisa. Lakini hebu jiweke kwenye foleni ya benki hiyo kesho yake asubuhi, umeshika kitabu chako cha akiba, halafu mtu aje akueleze habari za jozi 253.

Juzi niliwaandikia wenzangu wa hosteli, bado tuna kundi la simu, kwamba kuhusu Bulgaria tulikosea. Niliweka hesabu yote, hatua kwa hatua. Wawili walituma vicheko. Wa tatu, ambaye sasa ni mkaguzi wa mahesabu, akauliza: "Kaka, na wewe wamekupa shilingi ngapi?"