Mshihiri na Nyumba Zake Mbili

Hapo zamani hapakuwa na mtu wa Mombasa, Lamu au Unguja asiyemjua Mshihiri. Huyu aliuza kahawa, akigonganisha vikombe ili watu wajue kuwa yupo. Huyu alichukua maji nyumba hata nyumba. Mwingine alikuwa hamali bandarini. Jina lao latokana na Shihr, bandari ya Hadhramaut, kusini ya Arabuni. Walakini wengi hawakuzaliwa Shihr, bali walitoka bara, katika bonde lenye miji ya Shibam, Seiyun na Tarim.

Nchi hiyo ni kavu. Mvua ikinyesha milimani, mto hujaa kwa muda mfupi, watu huyageuzia maji mitendeni, kisha mchanga hukauka tena. Tena makabila yalilipizana visasi, hata mkulima akaogopa kwenda shambani mwake. Basi vijana walipanda majahazi. Pepo za kaskazi ziliwaleta huku kwetu. Wengine walikwenda Bara Hindi, na wengi Singapore na Jawa. Mara nyingi walisafiri bila ya wake zao. Mume aliweza kukaa ugenini miaka mingi, akaoa tena huko, na mtoto aliyemwacha tumboni akamjua baba yake kwa barua tu.

Tusidhani ya kuwa alisahau kwao. Senti za kahawa ziliwekwa moja moja, zikapelekwa kwa mkono wa nahodha au kwa hawala. Waliotajirika ng'ambo walifanya makubwa zaidi. Sayyid Abubakar bin Sheikh al-Kaf wa Tarim, ambaye mali ya jamaa yake ilitoka Singapore, alitengeneza barabara ya magari kutoka Tarim hata pwani, akatoa fedha zake kupatanisha makabila, hata mwaka 1937 ikapatikana amani ya miaka 3. Mwenziwe katika kazi hiyo alikuwa Harold Ingrams, Mwingereza aliyepata kuwa ofisa Unguja. Labda kahawa ya Mshihiri aliionja kwanza huku.

Amani ilipopatikana, msiba ukaja kwa njia ya bahari. Mwezi wa Februari 1942 Wajapani waliteka Singapore, na mwezi wa Machi wakateka Jawa. Hawala zikakoma. Kisha mvua nayo ikakosekana, na katika miaka ya 1943 na 1944 njaa ikaingia hata katika majumba marefu ya udongo yaliyojengwa kwa fedha ya ng'ambo. Wenye nyumba za fahari walikuwa hawana cha kupika. Maelfu ya watu walifariki, na mwaka 1944 ndege za kijeshi za Uingereza zilipeleka nafaka bondeni. Njia ya huku kwetu haikutekwa na adui. Nasi twaona kuwa mwaka ule senti za muuza kahawa wa Mombasa zilikuwa na thamani kuliko mali yote iliyofungiwa Jawa.

Lakini Mshihiri huyo alikuwa na watoto huku pia, waliozaliwa na mama Mswahili, wasiopata kuliona bonde. Baada ya mapinduzi ya Zanzibar ya Januari 1964, baadhi yao walikimbilia Hadhramaut. Wakafika katika nchi ya baba zao kama wageni, nao wakizungumza Kiswahili.