Mkonge wa Voi una kidonda ambacho hatukioni

Wasee, ukitoka Voi kwenda Mwatate utaona mkonge umepangwa mistari mpaka macho yachoke. Wengi wetu tunaupiga picha na kusonga. Historia yake tukifunzwa, ni ya walowezi, reli na bei ya katani. Mizizi na udongo hakuna anayevitaja, na mimi naona hapo ndipo stori yenyewe ilipo.

Tuanze 1893. Mjerumani Richard Hindorf aliagiza miche 1,000 kutoka Florida. Iliyofika Tanga na kuishi ni 62 peke yake. Kutoka kwa hiyo 62, Tanganyika ikaja kuongoza dunia kwa katani, na mapema karne ya 20 mkonge ukaingia Kenya. Taita Taveta ilikuwa na jua kali na mvua ya kubahatisha. Ukatafutwa mmea usiolalamika, ukapatikana.

Mkonge unakatwa majani ya chini, tena na tena, kwa miaka. Kila ukikatwa unaziba kidonda na kutoa majani mengine juu. Ukiuangalia hivi, uko sawa kabisa.

Lakini jani linajengwa na nini? Mizizi inachukua maji yenye madini yaliyoyeyuka: potasiamu, kalsiamu, magnesiamu. Si ati inavuta ovyo kama mrija wa soda. Seli za mzizi zinachagua kipite nini. Madini yanapanda na maji hadi kwenye jani. Jani likienda kiwandani, yanaenda nalo. Tani moja tu ya katani inaondoka na zaidi ya kilo 50 za potasiamu. Na katani yenyewe ni kama asilimia 4 ya uzito wa jani. Ile 96 ilihesabiwa takataka miaka mingi.

Watafiti wa Mlingano, Tanga, ndio waliofuatilia deni hili. Kulikuwa na ugonjwa unaokausha majani ya chini, karibu na shina. Kumbe si wadudu wala kuvu. Potasiamu ilikuwa imeisha. Mmea ukiikosa, unaitoa kwenye majani ya zamani na kuipa machanga. Wazee wanalala njaa ndio watoto wale.

Halafu 2018 wanasayansi wakaonyesha, kwa mmea mdogo wa maabara, kwamba jani likijeruhiwa, wimbi la kalsiamu hukimbia hadi majani mengine kwa dakika chache, yajiandae kujilinda. Yaani madini yaliyotoka ardhini ndiyo yanabeba habari ya kidonda.

Udongo wenyewe ukijeruhiwa hauna wimbi la kutuambia. Unanyamaza tu, halafu siku moja mavuno yanakataa. Ndio maana yale mabaki ya majani yanafaa kurudi shambani, na mbolea pia. Si kwa mkonge pekee. Nyanya za Taveta na mboga za Wundanyi ni hesabu hiyo hiyo.

Hapa kwetu tunabishana sana kuhusu ardhi ni ya nani, na tuna haki. Lakini ebu tuongeze swali moja: siku ardhi ikirudi mikononi mwa wananchi, itarudi ikiwa na nini ndani?